Mguu Wangu na Kiki ya Kiziwi

2 Juni

Kwako Mrithi wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ukiiacha mezani anapokea mkeo, na akipokea yeye nasahau nilichotaka kusema, nakumbuka tu nilichokatazwa kusema. Dereva wa basi la asubuhi atakupa hii mkononi hapo gereji. Isome hapohapo. Usiende nayo nyumbani.

Mimi mzima. Wewe sijui, lakini kwa kuwa ulimuoa mwanamke aliyenishinda mimi, nakuombea kila siku.

Mgonjwa ni Kiziwi. Pikipiki yangu hii unaijua kuliko mtu yeyote, wewe ndiye uliyekuwa unaitengeneza enzi nazunguka nayo kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba, kabla hujahama mji na mama wa watoto wangu. Sasa nikikanyaga kiki, mguu unashuka mpaka chini kama nimekanyaga uji. Injini haizunguki. Haikohoi hata kwa heshima. Siku mojamoja inashika, siku nyingi haishiki.

Ningeiacha ipumzike, ila mwanangu mkubwa amenitangazia vita. Yule Karani wa benki, anayeongea na kila mtu kama anamnyima mkopo. Alikuja na wadogo zake, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Baba, umri umekwenda. Utahamia kwangu, kuna kile chumba cha nyuma. Hii nyumba tutaipangisha." Nikamuuliza, hicho chumba kina dirisha? Akasema kina feni. Nikamwambia mimi si nguo, sihitaji kukaushwa.

Tukabishana mpaka jirani akapunguza redio yake asikie vizuri. Mwisho nikasema hivi: mtu anayewasha pikipiki kwa mguu wake, akaenda nayo mpaka njia panda na kurudi, huyo hajafika umri wa kuwekwa chumba cha nyuma. Karani akadakia. "Sawa, Baba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja. Ukiiwasha mwenyewe ukaenda na kurudi, unabaki hapa, sisemi tena. Ukishindwa, unapanda gari langu siku hiyohiyo, na hilo dude linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Nikampa mkono mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo niambie nifungue wapi. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini spana hazikunitaka cheti.

Wako,
Mtangulizi


5 Juni

Kwa Mtangulizi,

Barua nimeipata, dereva ameniletea na mafuta ya maandazi juu yake.

Tuweke sawa jambo moja kabla ya kazi. Mlikuwa mmeachana miaka miwili kabla mimi sijabisha hodi. Sikurithi. Nilioa. Ukiendelea kuniita Mrithi nami nitaendelea kukuita Mtangulizi, na tutaona nani atachoka kwanza.

Sasa Kiziwi. Pikipiki za siku hizi ukipiga kiki inazungusha injini moja kwa moja. Hiyo yako ni ya zamani, kiki yake inapitia kwenye klachi kwanza. Klachi isiposhika, utakanyaga mpaka uote mizizi na injini haitapata habari. Kwa hiyo usifungue kitu bado. Nijibu kwanza.

Ukishakanyaga, mti wa kiki unarudi juu wenyewe au unabaki chini umelala? Halafu iweke gia, klachi usiishike, mwambie mtu aisukume. Injini inazunguka, au gurudumu linajiendea tu? Na hili ndilo kubwa kuliko yote: ule mkono wa klachi kwenye usukani, ukianza kuuvuta, kuna kipande kidogo unakwenda bure, kama upana wa kidole, kabla waya haujakaza? Kama hakuna, basi waya umekazwa mno. Klachi inakuwa imeachia nusu muda wote, pleti zake zinateleza badala ya kushikana, na kiki inakwenda hewani.

Na usipige kiki huku umeshika klachi. Nakujua.

Nijibu ukweli, tafadhali. Nipo mbali, macho yangu ni hayo maneno yako.

Fundi


8 Juni

Mrithi wangu mpendwa,

Kiki inarudi juu yenyewe, tena kwa kiburi. Springi yake nzima.

Kusukuma tumesukuma. Jirani yangu fundi cherehani ndiye aliyesukuma, mimi nimekaa juu natoa amri. Gurudumu linajiendea, injini kimya. Tulifika mpaka kwa muuza mkaa, fundi cherehani akasema mapafu yake hayakushonwa kwa kazi hii. Kulikuwa na harufu pia, kama mtu ameunguza nywele.

Hilo la waya wa klachi liache. Waya uko vilevile ulivyouacha, unacheza vizuri, hauna shida, tusipoteze wino. Mimi naona ni meno ya kiki ndani. Yatakuwa yamekwisha kama yangu.

Karani alipiga simu jana kuuliza kama nimeanza kufunga mizigo. Nikamwambia nimeanza, nimefunga mdomo. Mkewe akachukua simu akaniambia amenitafutia shuka zenye maua. Mrithi, fanya haraka.

Mtangulizi


11 Juni

Kwa Mtangulizi,

Maneno yako hayakai pamoja. Kama meno ya kiki yangekuwa yamekwisha, basi ukiisukuma na gia injini ingezunguka, maana kusukuma hakuna habari na kiki. Imegoma kote kuwili. Hiyo ni klachi, na harufu uliyoisikia ni klachi. Lakini unasema waya uko sawa, nami inabidi nikuamini.

Basi fungua. Mwaga oili kwanza. Toa mti wa kiki, kisha kifuniko cha upande wa kulia. Springi ya kiki ina hasira, kwa hiyo mkono mmoja ukandamize kifuniko, mwingine ulegeze nati, taratibu. Ukifika kwenye pleti zitoe, uziangalie rangi. Zikiwa za kijivu ni nzima. Zikiwa nyeusi au za buluu zimeungua.

Kinachonisumbua ni hiki: nilizibadilisha mwenyewe nilipokuja msibani mwaka juzi. Wewe huendi kokote zaidi ya dukani na kwa daktari wa macho. Zimeunguaje?

Fundi


15 Juni

Mrithi,

Mimi nakwambia nimefungua, wewe unaniuliza kwa nini zimeungua. Zimeungua kwa sababu kuna moto duniani.

Sikiliza ilivyokuwa, ucheke kidogo, najua huko kwako hamchekeshani. Niliilaza Kiziwi ubavu sebuleni, kwa sababu uani watoto wangenizunguka kuuliza maswali. Kifuniko nikakikandamiza kwa goti, tochi nikaibana kwa meno, nati nikazilegeza moja moja. Kutwa nzima, nakwambia. Nati ya mwisho ilipotoka goti likateleza, springi ikaruka, ikapiga kalenda, ikatokea dirishani, ikatua kwenye beseni la mke wa fundi cherehani aliyekuwa anafua. Yule mama akapiga kelele kama nyumba imeingiliwa. Mumewe alipofika mbio na mkasi, akanikuta nimelala sakafuni nimekumbatia pikipiki, tochi bado mdomoni. Akasema, "Mzee, mnataka niwaache peke yenu?"

Pleti ni nyeusi kama sufuria ya bwenini. Mbili zimekuwa za buluu. Nitumie mpya. Mwezi unakwisha.

Na mke wetu hajambo?

Mtangulizi


18 Juni

Wewe,

Usishtuke ukiona mwandiko. Barua zako zote nimezikuta kwenye mfuko wa ovaroli. Watu wazima wawili mnaficha jambo, halafu mnampa mnayemficha nguo afue.

Nimesoma nikacheka. Hilo la springi nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalisoma tena, sikucheka. Goti limeshika kifuniko, meno yameshika tochi, mkono mmoja unalegeza nati. Huo mwingine ulikuwa wapi siku hiyo? Ulikuwa umesafiri?

Nikamwuliza Fundi, wakati anakula: mtu ambaye mkono wake wa kushoto hauna nguvu, klachi anaivutaje? Akaacha kutafuna. Akasema, "Haivuti. Anakaza waya, ili akiigusa kidogo tu iachie." Halafu akajipiga paji la uso, mchuzi ukamwagika. "Amekaza waya! Mzee amekaza waya, ameniambia uko sawa!" Siku zote hizo mume wangu anatafuta kwenye injini ugonjwa ulio kwenye kiganja chako.

Tangu lini? Nani anajua? Daktari amekuona?

Nijibu hayo matatu bila hadithi. Karani ni mwanangu pia. Usiponijibu nampigia.

Mama wa watoto wako


20 Juni

Bibie,

Tangu Machi. Niliamka nikashika kikombe, kikombe kikaanguka, mkono ukabaki unakitazama. Anayejua ni fundi cherehani, maana ndiye anayenifunga vifungo asubuhi, na ni mtu anayejua kunyamaza akiwa na pini mdomoni. Daktari ameniona. Amenipa vidonge vya presha, nameza kila siku. Amenipa na mpira wa kuminya, naminya. Vidole viwili vinakwenda kazini, vitatu vimestaafu. Mguu mzima, macho mazima, kichwa unakijua.

Umetaka bila hadithi, hiyo ndiyo bila hadithi. Sasa ni zamu yangu.

Ndiyo, nilikaza waya. Nilikaza kidogo, mkono ukachoka zaidi, nikakaza tena. Nikamdanganya mumeo kwa sababu ningemwambia waya, angeuliza mkono, na mkono ungefika kwako, na kutoka kwako ungefika kwa Karani. Na umefika kwako. Sawa.

Mpigie. Simu si unayo? Lakini ujue unachompa. Nimekwenda kukiona hicho chumba. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuusalimia. Mkamwana ameniwekea kengele kando ya kitanda, nibonyeze nikitaka chai. Mimi! Nimepiga hodi mji huu wote, hakuna geti nisilolijua wala mbwa asiyenijua, leo nikalale kwenye maua nibonyeze kengele? Siendi. Nikiwasha Kiziwi siendi, nisipowasha siendi. Wanibebe na kitanda, na kitanda chenyewe hakipiti mlangoni, unakumbuka tulivyokiingiza.

Nikianguka, nianguke kwangu nikiwa nakwenda mahali.

Umeacha kuwa mke wangu. Hukuacha kunijua. Fanya unavyotaka.

Mimi


24 Juni

Kwa Mtangulizi,

Dereva atakupa furushi pamoja na barua hii. Humo mna pleti mpya. Mna na chuma nilichokichomelea mwenyewe: ni ule mkono wa klachi wa kule chini kwenye injini, unaovutwa na waya. Nimeurefusha. Waya ukivuta chuma kirefu uzito unapungua, kwa hiyo utaivuta kwa hivyo vidole vyako viwili bila kuhitaji kukaza waya. Ubaya wake ni mmoja. Klachi haitaachia yote kabisa, ukiweka gia ya kwanza itaguna na kusukasuka. Ivumilie, ndivyo itakavyokuwa.

Fundi cherehani ndiye akandamize kifuniko. Goti lako liende likapumzike. Ukishafunga, legeza waya mpaka kile kipande cha kidole kipatikane, na safari hii kipatikane kweli. Pleti mpya zilale kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzivalisha.

Sikutaka kukutumia. Nilizunguka na hicho chuma gereji siku nzima, nikakitupa kwenye taka, nikakiokota. Ukianguka nacho nitajua nani alikichomelea. Lakini nimesoma ulivyomjibu mke wangu, na mimi nina umri wa kufikiria vyumba vya nyuma.

Umenidanganya, na hilo limenikera kuliko utani wako wote. Usirudie.

Yeye hasemi na mtu. Leo amefunga mfuko wa safari. Nimemwuliza unakwenda wapi, akasema kumwangalia mgonjwa. Sijajua kama ni wewe au ni Kiziwi. Nimemwuliza kama amempigia Karani, akaniambia nishughulike na spana zangu. Kwa hiyo sijui anakuja kukusaidia au kukumaliza. Jiandae kwa yote mawili.

Fundi


30 Juni

Mrithi wangu,

Leo ni Jumapili, mkeo yuko kwenye basi anarudi kwako mzima, hajavunjika kitu. Nakueleza yote mimi, maana yeye atakueleza nusu ile inayomfaa.

Alishuka Ijumaa mchana. Hakunisalimia. Alikaa mbele yangu akaninyooshea kidole chake akasema, "Minya." Nikaminya. "Nimesema minya." Nikamwambia nimeminya. Akasema, "Hujaminya, umenisalimia." Akatazama kando, akajipangusa macho. Nikaona bora angenipigia kelele.

Kisha akasema nimpeleke kwa Kiziwi, iko tayari, tulikwishaifunga na fundi cherehani kama ulivyoagiza. Akataka nivute klachi. Nikavuta kwa vidole viwili. Ikaenda, ikaachia, ikarudi. Akaniambia nivute tena, na tena, mpaka jasho likanitoka, na kila mara aliiangalia mikono yangu kama anayehesabu chenji kwa muuzaji asiyemwamini. Mwisho akasema, "Kesho, kabla ya kukanyaga kiki, utamwonyesha Karani huo mkono wewe mwenyewe. Usipomwonyesha, nitauinua mimi."

Sikulala vizuri. Sikukubali, lakini sikulala vizuri.

Jumamosi wakaja. Karani, wadogo zake, mkamwana na zile shuka ndani ya gari, niliziona kupitia kioo. Alipomwona mama yake akafurahi, akidhani ameletewa jeshi la kumsaidia. Majirani wakatoka na viti. Fundi cherehani alifunga duka.

Nikatoa Kiziwi uani. Nikamtazama mkeo, naye akanitazama. Basi nikauinua mwenyewe. Nikasema, "Karani, huu hapa mkono wangu wa kushoto. Uliamka vibaya Machi. Vidole viwili vinafanya kazi, vitatu havifanyi. Dawa nakunywa. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakachofanya. Umeuona? Sasa sogea, unaziba njia."

Hakusogea. Uso ulimbadilika, Mrithi, ukarudi wa mtoto. Kisha ukawa wa benki. "Baba, basi yamekwisha. Makubaliano hayapo tena. Mtu mwenye kiharusi hapandi pikipiki mbele ya macho yangu." Akaushika usukani. Nikaushika na mimi. Tukavutana pale, mimi na damu yangu, na Kiziwi katikati.

Hapo mkeo akainuka kwenye kiti. Akakaza nguo kiunoni, akapita katikati ya watu, akapanda kiti cha nyuma. Akakaa kwa upande kama zamani, mkoba mapajani.

Karani akasema, "Mama, shuka."

"Sishuki."

"Mama, huoni mkono wake?"

"Nimeuona kabla yako. Jana nimeupima, wewe hujaugusa hata leo. Nilimwacha baba yako kwa mambo mengi, mwanangu, na nikianza kuyataja hapa majirani watahitaji chakula cha mchana. Kuendesha kwake hakumo. Achia usukani."

"Akikuangusha je?"

"Ataanguka na mimi, na nitamshtaki mwenyewe. Achia."

Aliachia. Si kwa kupenda. Aliachia kidole kimoja kimoja.

Nikakanyaga kiki. Fundi, mara ya kwanza mguu ulikutana na uzito. Sijui kama unajua raha hiyo, wewe unayeishi na pikipiki nzima kila siku. Ilinisukuma juu kama mtu anayekataa kuamshwa. Haikuwaka, lakini ilisikia. Mtu mmoja akacheka. Nikakanyaga tena, ikakohoa moshi usoni kwa mkamwana. Mara ya tatu ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta.

Gia ya kwanza iliguna kama ulivyosema na tukaruka kidogo, mkeo akanifinya ubavu. Kisha tukaenda. Karani alikimbia nyuma yetu na viatu vyake vya ofisini. Sikwenda mbio, sitakudanganya tena. Vidole vilichoka kabla ya kufika, na pale njia panda nilisimama kidogo nikajifanya natazama magari.  Mkeo alinishika mkono wa kushoto juu ya usukani, akausugua, mpaka ukapata joto. Usinikasirikie, ulikuwa ni matibabu. Kisha akasema, "Haya, geuza," nikageuza, nikaturudisha hadi mlangoni bila kumkwaruza mtu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkamwana alizipanga upya shuka zake ndani ya gari zisijikunje. Wadogo wa Karani wakaomba chai. Yeye mwenyewe alibaki uani amesimama kando ya Kiziwi, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, anaigusa injini na kuutoa mkono kwa sababu ya moto, anaigusa tena.

Jioni wenzake walipokwisha kuingia garini akarudi ndani. Akakaa, safari hii si kwenye kiti changu. Akasema, "Baba, na huo mkono ukizidi?"

Nikamwambia, "Ukizidi nitakuita."

"Utaniita kweli?"

Nikamwambia hapana.

Mtangulizi